Onyesho la Saa Tano na Nusu

Jumba la sinema la Maratha Mandir haliko mbali na kituo cha treni cha Mumbai Central, nchini India. Ukishuka kwenye treni, unafika kwa miguu. Ni jumba la tangu mwaka 1958, lina skrini moja tu na viti takriban 1,000. Tarehe 20 Oktoba 1995 ilitoka filamu iitwayo Dilwale Dulhania Le Jayenge, kazi ya kwanza ya mwongozaji Aditya Chopra, kijana wa miaka 24 wakati huo. Maratha Mandir waliionyesha, kama walivyoonyesha nyingine nyingi kabla yake.

Kawaida ya filamu ni kukaa wiki kadhaa, kisha kuipisha nyingine. Hii haikupisha. Iliipita hata Sholay, ambayo iliwahi kukaa zaidi ya miaka mitano katika jumba la Minerva mjini humohumo. Desemba 2014 ilitimiza wiki 1,000. Februari 2015 wenye jumba na wenye filamu walikubaliana kwamba basi, wiki 1,009 zinatosha. Onyesho la mwisho likafanyika na magazeti yakaandika maneno ya kuaga. Hazikupita siku nyingi, filamu ikarudishwa. Watu walikuwa wamelalamika. Ukiacha miezi ambayo korona ilifunga majumba yote, imeendelea kuonyeshwa pale, na Oktoba 2025 ilitimiza miaka 30.

Nilipoisoma habari hiyo mwaka 2015 nilicheka kwa furaha. Kisha nikanyamaza, kwa sababu nilimkumbuka bibi yangu, na nikakumbuka kwamba mimi pia niliwahi kuiondoa filamu hiyohiyo kwenye skrini, na kwamba mimi sikuirudisha.

Nyumba yetu ya Ng'ambo, Unguja, ilikuwa na televisheni moja na deki moja. Tulikuwa watoto watano, ndugu na binamu. Mkanda wa filamu ile uliletwa na mjomba aliyekuwa akiishi Maskati, alipokuja kututembelea mwaka 1998. Bibi aliuona mara moja, kisha akauona tena, kisha ikawa desturi. Kila Jumapili baada ya sala ya adhuhuri alikuja ukumbini na ungo wake wa mchele, akakaa chini, akasema, "Haya, nitilieni picha yangu."

Bibi hakujua Kihindi. Alikuwa mtu wa sinema tangu ujana wake, enzi ambazo wanawake wa mjini walikuwa na maonyesho yao peke yao, na alimtaja Raj Kapoor kama mtu anayemtaja shemeji yake. Filamu za Kihindi alizisoma kwa nyuso. Lakini hii alikuwa ameijua kwa moyo. Hadithi yenyewe haina mafumbo. Simran anaishi London na wazazi wake. Baba yake, Baldev, amekwisha kumwahidi mtoto wa rafiki yake huko Punjab. Kabla ya harusi Simran anapata ruhusa ya safari moja ya treni kuzunguka Ulaya, na humo anakutana na Raj. Baba akigundua, anaihamisha familia yote kuirudisha Punjab. Raj anawafuata. Mama yake Simran anawapa vito vyake, anawaambia wakimbie. Raj anakataa. Hataki kumwiba binti wa watu; anataka apewe na baba mwenyewe. Mwishoni kabisa, treni ikiwa imekwisha kuanza kwenda, baba anauachia mkono wa binti yake.

Filamu inachukua zaidi ya saa tatu. Bibi alichambua mchele saa zote hizo, isipokuwa sehemu moja. Kuna mahali mama yake Simran anakaa na binti yake chumbani na kumwambia kwamba alipozaliwa alijiapiza mtoto huyu hatalazimika kuyatoa mhanga maisha yake kama yeye alivyoyatoa, na sasa amekuja kumwomba afanye hivyohivyo. Hapo bibi aliacha mchele. Vidole vilitulia juu ya ungo mpaka sehemu ile ilipokwisha. Hakusema kwa nini, nasi hatukuuliza. Sisi tulikuwa tukihesabu dakika.

Nilikuwa na miaka 12. Jumapili ndiyo siku ambayo marafiki walikuwa na nafasi, na mikanda ya kupigana ilikodishwa dukani kwa siku moja tu. Ukikodi mkanda halafu bibi yako akaikalia deki kwa saa tatu, hasara ni yako. Siku moja nikauficha mkanda wa bibi chini ya godoro. Alipokuja na ungo wake nikamwambia deki imeutafuna. Alinitazama, kisha akasema, "Basi mwanangu, mkanda nao huchoka." Akakaa. Akaangalia nasi filamu ya kupigana mpaka mwisho, akauliza huyu ni nani na yule kwa nini anapigwa. Jumapili iliyofuata alichambulia mchele uani.

Nilikusudia kuurudisha baada ya wiki moja. Kisha baada ya mbili. Uongo ukikaa sana unazidi kuwa mgumu kuuondoa, na mwisho niliogopa kuurudisha kuliko nilivyoogopa kuuficha. Bibi alifariki mwaka 2009. Mkanda sijui uliishia wapi.

Kwa hiyo swali ninalolileta hapa si la sinema peke yake. Pakiwa na skrini moja na watu wengi, nani ana haki ya kusema imetosha?

Nilipokuwa na miaka 12 ningekujibu upesi: mwenye haki ni yule anayetaka kitu kipya. Aliyekwisha kuona amekwisha kupata fungu lake. Ampishe ambaye hajaona. Hoja hii inaonekana ya haki, na vijana tunaipenda kwa sababu inatupendelea. Lakini wazee walikwisha kuutilia shaka upya kwa msemo wao, kwamba kipya kinyemi, kingawa kidonda. Utamu wa kitu kipya unaweza kuwa ni wa upya tu. Filamu niliyoitaka Jumapili ile siikumbuki jina. Ninakumbuka tu kwamba nilikuwa sijaiona.

Isitoshe, hoja ile inadhani kwamba anayerudia kuangalia anapata kilekile alichopata mara ya kwanza. Si kweli. Filamu haibadiliki, lakini anayekaa mbele yake anabadilika. Mtu aliyeingia Maratha Mandir mwaka 1995 akiwa na umri wa Simran, leo ana umri wa Baldev, na pengine ana binti. Mkono uleule kwenye kituo kilekile cha treni, mara hii anautazama kutoka upande wa pili. Kwa mtu wa namna hii filamu ni kama alama tuliyochorewa ukutani utotoni kupimia kimo. Alama haisogei, na kwa kuwa haisogei ndiyo maana unajua umekua.

Jibu la pili ni la soko: waache watu waamue kwa tiketi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maadamu watu wanalipa, filamu ibaki. Wakiacha kulipa, iondoke. Jibu hili linapendeza kwa kuwa halimlaumu mtu. Lakini nikilipima kwa kisa kimoja cha Marekani, naona halitoshi.

Desemba 1971 ilitoka filamu Harold and Maude, ya mwongozaji Hal Ashby. Inamhusu kijana tajiri anayeshughulishwa na mauti, ambaye anakutana na bibi wa miaka 79 anayeyapenda maisha kupita kiasi, wakapendana. Wachambuzi wengi waliiponda, na watazamaji hawakujitokeza. Lakini katika jumba la Westgate, huko Edina, mji mdogo ulioshikana na Minneapolis katika jimbo la Minnesota, ilipata watu wake. Ilikaa wiki 115, kuanzia mwaka 1972 hadi 1974. Wapenzi wake walirudi tena na tena. Ruth Gordon mwenyewe, aliyeigiza Maude, alikwenda kusherehekea nao.

Kisha wakajitokeza wengine. Wakazi wa jirani walisimama nje ya jumba na mabango, wakidai waletewe filamu nyingine. Hawakusema filamu ile ni chafu wala haramu. Walichosema ni kwamba sinema hii iko mtaani kwao, na wamechoka.

Mara ya kwanza niliposoma kisa hiki niliwaona watu wale kuwa wa kuchekesha. Nani anaandamana dhidi ya filamu inayopendwa? Baadaye nilijiweka mahali pao. Una watoto, una jioni moja ya mapumziko kwa wiki, na jumba la sinema liko hatua chache kutoka mlangoni kwako. Kwa zaidi ya miaka miwili, kila ukipita, ubao unaonyesha majina yaleyale mawili. Ndani kuna watu, tena wamelipa, na wengine wametoka mbali. Hesabu ya tiketi inasema mambo ni mazuri. Hesabu hiyo inamjua aliyenunua. Aliyegeuka mlangoni akarudi nyumbani haimjui.

Na Mumbai je? Huko soko lingeweza kusema kinyume. Kwa jumba la viti 1,000, filamu ya miaka 20 inayouzwa kwa tiketi ya bei ya chini sana si biashara ya kujivunia. Hata hivyo ilipoondolewa, watu walidai irudi. Basi katika miji hii miwili tiketi hazikulimaliza swali. Edina zilisema ibaki, na majirani wakasema imetosha. Mumbai wenye jumba walisema imetosha, na watu wakasema bado.

Mtu atasema aamue mwenye jumba, kwani ni mali yake. Ni kweli ni mali yake. Lakini kuna mali zinazofanana na kisima kilichochimbwa uani kwa mtu, ambacho mtaa mzima unachota. Ukikifunga, hakuna atakayekushtaki, ila kila mtu atajua umefanya nini. Jumba la sinema lenye skrini moja ni kisima cha namna hiyo. Mwenye mali ana ufunguo, lakini kuwa na ufunguo hakumpi jibu la nani achote lini.

Kwa muda mrefu nilibaki hapo, nikiwaona wapenzi wa filamu na majirani wenye mabango kuwa wote wana haki. Kilichonitoa ni jambo dogo ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kulizingatia. Kwa sehemu kubwa ya miaka yake pale Maratha Mandir, Dilwale Dulhania Le Jayenge imekuwa na onyesho moja kwa siku, saa tano na nusu asubuhi. Alasiri, jioni na usiku ni vya filamu nyingine. Filamu mpya za kila wiki zimeingia na kutoka katika jumba lilelile miaka yote hii, na hazikuwahi kunyimwa mlango. Hii ya zamani iliomba saa tatu za mchana, wakati ambapo watu wengi wako kazini, ikapewa.

Hapo nikaliona neno ambalo nilikuwa nalo tangu utotoni: zamu. Tuliokulia kwenye mabomba ya mtaa tunalijua. Ndoo zinapangwa. Mwenye ndoo kubwa hapewi bomba siku nzima kwa sababu ndoo yake ni kubwa, wala mwenye kindoo kidogo haambiwi aondoke kwa sababu kidogo chake hakina maana. Zamu haiulizi nani anapenda maji zaidi. Haiulizi kwa nini unataka maji, wala kama jana pia ulichota. Inauliza tu kama wengine wamesimama nyuma yako.

Kwa kipimo hiki, naona watu wa Edina walikuwa na haki ya kushika mabango, hata kama filamu ilikuwa nzuri, na hata kama mimi ningekuwa miongoni mwa waliokata tiketi. Mapenzi hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuichukua siku yote. Kuna hata kejeli ndani yake. Maude katika filamu ile ndiye anayemhimiza Harold ajaribu jambo jipya kila siku, na ndiye anayejichagulia mwenyewe, siku ya kutimiza miaka 80, kwamba yake yametosha. Mimi sikubaliani naye katika uamuzi ule. Lakini ni ajabu kwamba hadithi ya mtu aliyekuwa radhi kupisha ndiyo iliyokataa kupisha.

Na kwa kipimo hikihiki waliodai onyesho la saa tano na nusu lirudishwe walikuwa na haki pia, hata kama asubuhi nyingine viti vingi vilikuwa vitupu. Walichodai kilikuwa fungu dogo ambalo halikumzuia mtu mwingine kupata lake. Kumnyima mtu fungu la namna hiyo kwa sababu tu wewe umechoka kuliona, huko si kupenda maendeleo. Ni uchoyo, na mimi niliufanya nikiwa na miaka 12.

Kwa maana bibi hakutuchukulia deki. Siku sita na nusu za wiki zilikuwa zetu. Tuliangalia tulichotaka, tukirudia tulivyotaka, naye alipita na shughuli zake bila neno. Aliomba saa tatu za Jumapili. Na hata siku nilipomdanganya, alikaa akaangalia filamu yetu, akauliza maswali, akajitahidi kumpenda steringi wetu. Alikuwa akitupa zamu yetu ndani ya zamu yake. Sisi hatukuwahi hata mara moja kumuuliza yule mama chumbani anamwambia nini binti yake.

Najua pingamizi litakalokuja. Mambo haya ya skrini moja yamepitwa. Majumba ya sinema tuliyorithi Unguja na pwani nzima mengi yamefungwa au yamegeuzwa kazi nyingine, na siku hizi kila mtu ana skrini yake mfukoni. Anayetaka kurudia arudie, anayetaka jipya atafute. Hakuna haja ya zamu, kwa hiyo hakuna haja ya ugomvi.

Ni kweli ugomvi umepungua. Nyumbani kwangu leo tuko wanne na simu nne, na jioni ni kimya. Lakini sijui mke wangu anaangalia nini, wala yeye hajui yangu. Zamu ilikuwa na taabu yake, ila ilikulazimisha kukaa mbele ya kitu anachokipenda mwenzako, mpaka mwisho, bila kukichagua. Sisi tulikuwa tunaijua filamu ya bibi kwa sababu hatukuwa na pa kukimbilia. Kama angekuwa na simu yake, angeiangalia chumbani peke yake kwa miaka kumi, na leo nisingekuwa na kumbukumbu ya vidole vyake vikitulia juu ya ungo.

Televisheni tunayo bado, moja, sebuleni. Mama yangu, ambaye sasa anaishi nasi, anafuatilia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Imekwisha kuonyeshwa yote na sasa inarudiwa, naye anairudia pamoja nayo. Mwanangu wa miaka saba anataka katuni. Mwezi uliopita nilimsikia akimwambia bibi yake, "Lakini hii umeshaiona." Nilikuwa jikoni, na nilisimama na kikombe mkononi.

Tukapanga. Baada ya sala ya alasiri mpaka magharibi ni zamu ya bibi, na rimoti anashika yeye. Mwanangu alilalamika siku mbili, ya tatu akazoea. Jumapili iliyopita nilitoka chumbani nikaja kukaa kando ya mama. Alinitazama kwa mashaka.

"Huna kazi leo?"

"Ninayo."

Akasogea kunipa nafasi kwenye kochi. "Basi kaa," akasema. "Hapa ndipo panaponoga."